Kama Picha Haina Kazi, Usiitume kwa Barua ya Kazi

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio baadaye nikianza kukanya watu usiseme huyu naye anajiona nani.

Mwaka juzi anko wangu alipata nafasi ambayo fundi wa kando ya barabara hupata mara moja baada ya miaka. Anko ni seremala. Ana kibanda Ngong Road, pale mafundi wanapopanga vitanda na makochi hadi karibu na lami. Siku moja mama mmoja akasimamisha gari, akapapasa kiti, akakitingisha, akauliza bei. Kumbe ni wa manunuzi katika hoteli moja ya Naivasha iliyokuwa inapanua mkahawa. Alitaka meza 14 na viti 56. Akaacha kadi yake: "Nitumie kwotesheni kwa barua pepe kabla ya Ijumaa."

Anko akanipigia simu. "Wewe si ndio wa mambo ya kompyuta?"

Ndio mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu wakati huo najitafutia kwa kupiga video fupi, kutengeneza mabango na kuandikia watu wa biashara ndogo maneno yao. Kwa familia yetu hiyo inatosha kuwa mhandisi.

Nikakesha kwa Canva. Nikatengeneza bango kali: nyuma kweusi, maandishi ya dhahabu, kiti kimoja katikati kama kimeshuka kutoka mbinguni. Na kwenye bango hilo hilo nikaweka kila kitu: meza KSh 9,500 kila moja, viti KSh 4,500, jumla KSh 385,000, siku za kumaliza kazi, namba ya simu ya anko. Faili likawa zito, kwa hivyo nikalipakia mahali kwenye intaneti, kisha nikaingiza picha kwenye barua kwa kutumia anwani yake. Maneno niliyoandika kwa mkono wangu kwenye barua yote yalikuwa matatu: "Tafadhali tazama hapa."

Alhamisi usiku nikatuma. Kwa simu yangu ilikuwa inang'aa. Anko alipoiona alisema, "Hii sasa ni ya kampuni."

Ijumaa kimya. Jumatatu kimya. Jumanne anko akapiga simu, na yule madam akamjibu kwa upole kabisa: "Nilipata barua yako, fundi, lakini ilikuwa tupu. Kisanduku cheupe na alama ya x. Nilingoja mtume ingine nikaona mko kimya. Nimepea mwingine kazi."

Huyo mwingine, tulikuja kujua baadaye, aliandika bei yake kwa mistari michache ya maneno ya kawaida na kuweka picha mbili za viti alivyowahi kutengeneza. Basi. Hakuna dhahabu.

Anko hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Sawa, tutapata ingine," akarudi kupiga randa. Lakini nilijua alikuwa ameshaongea na shule ya binamu yangu kwamba karo ingeingia mwezi huo. Na mimi, mtu aliyetoka chuoni kwa sababu ya karo, nikawa ndiye nimechelewesha karo ya mtoto mwingine kwa sababu ya bango.

Tangu siku hiyo sitaki kusikia mtu akiniambia picha kwenye barua ya kazi ni mapambo tu. Kwa wengine labda. Kwa sisi tusio na vyeti, picha ndiyo cheti. Na cheti kikifika kikiwa kisanduku cheupe, au kikifika kikiwa cha uongo, wewe umekwisha.

Kambi mbili, na zote zinakosea

Kuna kambi ya wazee wa ofisi. Hawa wanasema barua rasmi ni maneno matupu. Ukiweka picha wewe ni mtoto. Nilikuwa na mhadhiri wa aina hiyo. Angeona picha kwenye barua angekata alama kabla hajasoma salamu.

Ni kweli barua pepe ilianza bila picha. Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kupitia mtandao wa kompyuta mwaka 1971, yalikuwa ni maandishi tu. Lakini tarehe 11 Machi 1992 Nathaniel Borenstein wa Bellcore, kule Marekani, alituma ujumbe wenye kiambatisho kwa mfumo unaoitwa MIME, ule ule unaobeba viambatisho vyetu mpaka leo. Unajua ndani kulikuwa na nini? Picha ya wanaume wanne wa kikundi chake cha kuimba, pamoja na sauti yao wakiimba. Kwa hivyo picha imekuwa ndani ya barua pepe kabla mimi sijazaliwa. Hakuna utoto hapo.

Halafu kuna kambi yangu ya zamani, kambi ya "weka picha ipendeze." Unaijua. Barua ya kuomba malipo ya invoisi inaanza na waridi jekundu na "Mwezi Mpya Wenye Baraka." Ya kuomba kazi inakuja na mikono miwili ya watu wenye suti wakisalimiana, na hakuna anayewajua. Chini kabisa, mahali pa jina, kuna nembo, picha ya mwenyewe akiwa amekunja mikono, alama tano za mitandao ya kijamii, na methali imeandikwa ndani ya picha. Barua yenyewe ni mistari miwili, jina mistari kumi na tano.

Kambi ya kwanza inaogopa picha, ya pili inaipenda kupita kiasi. Zote mbili hazijauliza swali ambalo yeyote wa mjengo angeuliza kabla ya kuajiri mtu: huyu anakuja kufanya kazi gani?

Kwa nini barua yetu ilifika tupu

Wengi hawajui hii, na hata mimi nilijifunza baada ya kulipa.

Kuna njia mbili za picha kukaa kwenye barua. Ya kwanza, picha inasafiri pamoja na barua, kama kifurushi ndani ya mzigo wa basi. Ya pili, picha inabaki kwenye seva fulani, na barua inabeba anwani tu. Mpokeaji akifungua, programu yake inaenda kuichukua. Mimi nilitumia ya pili. Na programu nyingi za ofisini, hasa Outlook ya kwenye kompyuta, kwa kawaida hazichukui picha za mbali mpaka mtu abonyeze kukubali. Asipobonyeza, anaona kisanduku. Gmail ilianza kuzionyesha zenyewe mwishoni mwa mwaka 2013, ikizipitisha kwanza kwenye seva za Google. Ndiyo maana kwa simu yangu bango lilikuwa linang'aa na kwa madam wa Naivasha lilikuwa hewa.

Sababu ya kuzuia ni ya maana. Picha ya mbali inaweza kutumiwa kukupeleleza. Watu wa matangazo huficha kipicha cha pikseli moja, hukioni kwa macho. Ukifungua barua, seva yao inajua umefungua, saa ngapi, na wakati mwingine uko upande gani wa nchi. Apple ilianza kuwakinga watumiaji wa programu yake ya barua dhidi ya ujanja huo mwaka 2021. Kwa hivyo hiyo x aliyoiona madam ni kama askari wa getini anayemuuliza mgeni anakwenda nyumba gani. Hana ubaya na wewe, lakini hakujui.

Na barua ambayo yote ni picha moja ina balaa lingine. Miaka ya 2006 na 2007 matapeli walijaza dunia barua taka zilizofichwa maneno ndani ya picha, ndio vichujio visiweze kuyasoma. Vichujio vikajifunza. Mpaka leo barua isiyo na maneno, yenye picha kubwa tu, inaweza kutiliwa shaka na kutupwa kule kwa taka bila mtu kuiona.

Halafu fikiria mtu. Mtu anaweza kuwa haoni, na simu yake inamsomea kwa sauti. Simu ikifika kwenye bango lako itasema "picha" na kunyamaza, na bei yako imezikwa humo. Mtu anaweza kuwa kwenye matatu na bando la shilingi 20, na wewe umemtumia megabaiti saba za dhahabu. Au baada ya miezi mitatu anatafuta neno "meza" kwenye barua zake ndio akupe kazi ingine, na hakupati, kwa sababu neno "meza" halikuwahi kuandikwa. Lilichorwa.

Kwa hivyo sheria yangu ya kwanza, na kama utasahau zingine zote kumbuka hii: bei, tarehe, namba ya simu na ombi lako vikae kwa maneno. Toa picha zote kwenye barua kisha usome. Kama bado inaeleweka, tuma. Kama imekuwa kitendawili, andika upya.

Kazi tatu ambazo picha inaweza

Mimi naona picha inaweza kufanya kazi tatu kwenye barua ya kikazi: kuonyesha, kuthibitisha, na kuelekeza.

Kuonyesha ni pale maneno yanapochoka. Jaribu kueleza kwa maneno jinsi ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu lake bila msumari. Utaandika kurasa mbili na mteja bado atauliza, "Kwani kinashikwa na nini?" Picha moja ya karibu, yenye mwanga, inamaliza. Futi kamba ikiwa imelazwa kando ya mbao, bora zaidi, kwa sababu sasa anaona na kipimo.

Kuthibitisha ndiyo kazi ambayo vijana wengi tunaipuuza na inatugharimu pesa. Wangapi wamehama nyumba hapa Nairobi na deposit ikaliwa? "Ulivunja sinki." "Ukuta ulikuwa msafi." Na wewe huna chochote mkononi ila kulalamika. Siku ile unapochukua ufunguo, kabla hata ya kuingiza godoro, piga picha za sinki, kuta, dirisha lenye ufa, mita ya stima. Ziweke kwenye barua pepe kwa ajenti siku hiyo hiyo, na chini ya kila picha andika mstari mmoja: "Ufa wa dirisha la chumba cha kulala, ulikuwepo nilipoingia." Mwisho: "Naomba unijulishe kama kuna usilokubaliana nalo." Ukihama baada ya miaka miwili, barua hiyo bado iko, na tarehe yake imekaa pale. Mimi nimerudishiwa deposit yangu yote kwa barua kama hiyo. Sikupiga kelele. Niliituma tena tu.

Kuelekeza ni skrinshoti ya malipo yaliyokwama, ramani ya geti la nyuma, picha ya fomu na mshale mmoja unaoonyesha pa kutia sahihi. Hapa kata picha ibaki sehemu inayohusika. Skrinshoti nzima ya simu inaonyesha mpaka salio lako, majina ya watu waliokutumia ujumbe, na betri iko asilimia nne. Mtu wa huduma kwa wateja hahitaji kujua hayo.

Nje ya kazi hizo tatu, picha ni abiria asiyelipa nauli. Mshushe.

Picha ya meza usiyoitengeneza

Sasa nakuja kwenye jambo linalonikera kuliko ukubwa wa faili.

Baada ya kupoteza ile kazi ya Naivasha, rafiki yangu mmoja anayefanya dizaini alituonea huruma. Akasema shida yetu ni picha: za anko zina vumbi, nyuma kuna matatu na jirani anakula mahindi. Akatuletea picha kumi safi kutoka Pinterest. Meza za mbao nzito, taa za njano, dirisha linaangalia theluji. Theluji, Ngong Road!

Anko akazipitia moja moja kwa kidole chenye gundi. Halafu akauliza, "Hii meza nimeitengeneza mimi?"

"Hapana, anko, lakini unaweza kutengeneza kama hii."

"Sasa mteja akisema nimletee hii yenyewe, na huu mti hata sijui unaitwaje, nitamwambia nini?"

Rafiki yangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona mwisho wake mara nyingi, na wewe pia umeuona: aliagiza keki ya simba, akaletewa paka mgonjwa. Tunacheka tukiona picha hizo mbili zimewekwa pamoja, lakini nyuma yake kuna mtu alidanganywa na mwingine amepoteza jina. Siku hizi imekuwa rahisi zaidi, maana hizi programu za akili unde zinakuchorea kiti kizuri kwa sekunde chache, na usipoangalia vizuri kina miguu mitano. Ukituma picha hiyo kama kazi yako, umetuma cheti feki. Mtu akikamatwa na digrii feki tunamcheka kwenye habari ya saa moja. Tofauti ni gani?

Na hapa nataka niongee na wenzangu ambao hawana karatasi. Mwenye digrii akiandika barua, chini anaweka digrii yake na msomaji anatulia. Mimi nikiandika, chini kuna jina langu na namba ya simu. Kitu pekee kinachoweza kumfanya mtu wa ofisini asiyenijua aniamini ni kuona nilichofanya. Picha ya kweli yenye vumbi inasema: mtu huyu yupo, kibanda chake kiko, kiti hiki kimesimama kwa miguu yake. Ile ya theluji inasema: mtu huyu anajua kupakua. Nani atatoa LPO kwa mtu anayejua kupakua?

Kusafisha si kudanganya, lakini. Fagia nyuma ya meza. Mwambie jirani asogee na mahindi yake. Piga asubuhi mwanga ukiwa mzuri, futa kioo cha kamera, ambacho nusu yenu hamjawahi kukifuta tangu mnunue simu. Ongeza mwanga kidogo kama picha ni ya giza. Ila rangi ya vanishi ibaki ile ile, kwa sababu siku ya kupeleka mzigo ndiyo siku picha yako itapigwa mnada.

Watu waliomo kwenye picha

Jirani wa mahindi ana jambo lingine pia: uso wake ni wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na si ya mapambo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya hapa Nairobi faini ya KSh 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja KSh 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizochapishwa bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za mtandaoni, sawa, lakini kwotesheni yako ikishatoka kwa mikono yako unajua itasambazwa kwa watu wangapi? Muulize mtu kwanza. Akikataa, piga tena bila yeye. Mikono ya fundi ikishika patasi mara nyingi inavutia kuliko uso wake.

Na kama unaomba kazi, usiweke picha ya uso wako kama hawajaiomba. Waache wasome ulichofanya. Vilevile, zile picha za kitambulisho kilicholazwa juu ya blanketi ya maua, tafadhali. Pale kwa blanketi unaonekana hukujali, na pia umeachia namba yako ya kitambulisho itembee. Tuma kwa aliyeomba tu, na kama PDF safi. Na ujue picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hivyo ukipiga ukiwa nyumbani, zima hiyo kwenye kamera kwanza.

Vile tunafanya sasa

Miezi michache baadaye ofisi ndogo ya mawakili upande wa Kilimani iliuliza kama anko anaweza kutengeneza kabati tatu za faili. Safari hii tuliandika pamoja, yeye akisema na mimi nikichapa. Barua ilikuwa hivi, nimetoa majina tu:

"Hujambo Madam. Asante kwa kuuliza. Kabati tatu za faili za mbao ya saiprasi, urefu futi sita, upana futi tatu, droo nne kila moja, KSh 28,000 kila kabati. Jumla KSh 84,000 pamoja na kuleta na kufunga. Tutamaliza kwa siku 15 kutoka siku ya malipo ya kwanza. Picha tatu hapa chini ni za kabati tuliyotengeneza mwezi uliopita. Ya kwanza ni kabati yote, droo moja ikiwa wazi. Ya pili ni kona ya droo, uone vile mbao zimeunganishwa. Ya tatu ni nyuma yake."

Picha ya nyuma ilikuwa wazo la anko. Mimi niliona haina maana, nani anaangalia nyuma ya kabati? Akaniambia, "Mtu anayejua vitu huangalia nyuma."

Picha zenyewe zilisafiri pamoja na barua, hazikubaki kwa seva ya mtu. Tulizipunguza. Picha inayotoka kwenye kamera ya simu ya kawaida inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti nne. Ukiipunguza hadi pikseli 1,200 bado inaonekana vizuri kwa kompyuta na inashuka hadi kilobaiti mia mbili, mia tatu hivi. Zote tatu hazikufika megabaiti moja. Gmail inakubali kutuma hadi megabaiti 25, ndio, lakini lori kuweza kubeba tani kumi hakumaanishi ulibebeshe mchanga ukienda kununua mkate. Tulitumia JPEG, kwa sababu ni picha za kamera. PNG naiweka kwa nembo na skrinshoti zenye maandishi madogo. Kama una iPhone, angalia isiwe HEIC, maana kompyuta nyingine za ofisini zinakataa kuifungua. Na kila faili tukalipa jina: "kabati-kona-ya-droo" badala ya "IMG_20230914." Dakika moja tu, na mtu akiipakua anajua ameshika nini.

Kisha kitu ambacho sikukifanya ile Alhamisi ya Naivasha: nilijitumia kwanza. Nikafungua kwa simu yangu, nikafungua kwa kompyuta ya cyber, nikamtumia dada yangu mwenye simu ya zamani nikamuuliza anaona nini. Aliponiambia anaona kabati na bei, ndipo nikatuma kwa madam.

Alijibu siku iliyofuata asubuhi. Mstari mmoja: "Huo ubao wa nyuma ni plaiwudi au hadibodi?"

Anko alisoma hilo swali mara mbili akatabasamu. "Umeona?" Tukajibu ni plaiwudi. Kazi tukapata. Ilikuwa ndogo kuliko ya Naivasha, haifiki hata robo yake, lakini ililipa karo iliyokuwa imebaki, na mawakili hao wamempa anko kazi nyingine mbili tangu wakati huo.

Sijui kama madam wa Naivasha angetupa kazi yake hata tungeandika vizuri. Labda bei yetu ilikuwa juu. Lakini hakupata nafasi ya kutukataa kwa bei. Alitukataa kwa kisanduku cheupe, na hiyo ni hasara ambayo sitaki uipate wewe.

Kwa hivyo leo kabla hujatuma hiyo barua uliyoipamba, fanya kitu kimoja. Ishike kila picha iliyo ndani uiulize kama anko anavyouliza kijana anayekuja kutafuta kibarua: unajua kufanya nini? Ikijibu, iache ibaki. Ikibabaika, itoe, ubaki na maneno yako. Mistari sita ya kweli ilitunyang'anya KSh 385,000. Mistari sita ya kweli inaweza pia kukuletea.